Ridi za saksafoni katika hewa ya Mombasa: nichague namba ipi, na huandaliwaje kabla ya kupulizwa?

Alto_wa_Tudor

Hamjambo wapulizaji wenzangu, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Huu ni mwaka wangu wa tatu nikipuliza saksafoni ya alto katika bendi ndogo inayoalikwa harusini na, mara mojamoja, katika hoteli za upande wa Nyali. Muda wote huo nilikuwa nikitumia ridi (ule ulimi wa tete unaofungwa kwenye kinywa cha ala na kutoa sauti) namba 2, nikinunua moja moja kila iliyopo inapovunjika, wala sikuwahi kulifikiria sana jambo hilo. Hivi karibuni mwenzetu mmoja aliyenitangulia katika kazi hii alinieleza kwamba mpulizaji anayejiheshimu hashuki chini ya namba 3, na kwamba sauti yangu itaendelea kuwa ya kitoto mpaka nihame. Nikamwagiza msafiri aliyekuwa akitoka ng'ambo aniletee boksi zima la kiwanda cha Vandoren, lile la buluu, ridi kumi za namba 3, na nikalilipia kwa fedha nilizokuwa nimezitenga kwa shughuli nyingine kabisa.

Tangu hapo sina raha. Katika hizo kumi, mbili tu ndizo ninazoweza kusema kwamba zinapulizika. Nne hunipa upepo kuliko sauti, na midomo huchoka kabla wimbo wa pili haujaisha. Tatu hulia kama panya aliyebanwa na mlango kila ninaposhuka kwenye noti za chini. Ya kumi nikiilowesha ncha yake hufanya mawimbi kama ukingo wa chapati iliyoungua upande mmoja. Kinywa ninachotumia, yaani mauthipisi, ni Yamaha 4C kilichokuja na ala yenyewe.

Pia nina tatizo la ukungu. Nikiiacha ridi kwenye kinywa na kukifunika kwa kifuniko chake, nikifungua baada ya siku tatu nne nakuta madoa meusi karibu na kitako. Je, kosa ni la ridi, la namba, la hewa yetu hii ya bahari, au ni langu mwenyewe? Na ninyi mnaziandaaje ridi mpya? Mimi hadi leo huitia mdomoni, nikailowesha kwa mate, nikafunga, nikaanza kupuliza.

Mzee_wa_Tena

Marahaba, mwanangu. Pole kwa gharama, ila nakuomba usitupe hata ridi moja kwanza.

Nianze na hilo la namba, kwa sababu ndilo lililokupotosha. Namba iliyoandikwa kwenye ridi si cheo cha jeshini ambacho mtu hupandishwa kadiri anavyotumikia. Ni kipimo cha ukakamavu wa tete lenyewe, basi. Kiwandani, ridi za aina moja huchongwa kwa umbo moja na unene mmoja, halafu mashine huikandamiza kila moja kidogo ili kupima inavyokataa kupinda. Zilizo laini huandikwa 2, zilizokaza huandikwa 3, na katikati huwekwa nusu. Kwa hiyo ridi namba 3 si nene kuliko ndugu yake wa namba 2, bali imetoka katika tete lililoshikamana zaidi nyuzi zake. Wako watu waliozeeka na ala hii mikononi ambao hawajawahi kuvuka 2.5, na ukiwasikia hutauliza namba.

Kinachoamua namba ni kinywa chako, wala si miaka yako ya kupuliza. Kati ya ncha ya ridi na ncha ya kinywa pana uwazi, na ala inapolia, ridi huenda na kurudi katika uwazi huo mamia ya mara kwa sekunde moja. Uwazi ukiwa mpana, ridi ina safari ndefu, nawe huhitaji iliyo laini ili ikubali kuifanya. Uwazi ukiwa mdogo, ridi laini mno hujifunga yenyewe ukiipuliza kwa nguvu, sauti ikakatika ghafla, ndipo panapohitajika iliyokaza kidogo. Yamaha 4C ya alto ina uwazi wa takriban milimita 1.60, karibu na ule wa kinywa cha Selmer C* ambacho wengi waliosomea muziki hupewa mwanzoni. Huo ni uwazi mdogo. Mtu mwenye kinywa hicho anaweza kupuliza 2.5 au hata 3 bila taabu, kwa hiyo yule mwenzenu hakukudanganya kabisa. Alikosea sababu tu, na akakuhamisha kwa pupa.

Kuna jambo lingine hukulieleza, nami nitabahatisha. Hizo namba 2 ulizokuwa ukinunua moja moja, bila shaka zilikuwa Rico za boksi la rangi ya chungwa, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka kuuzwa rejareja. Namba za viwanda hazilingani. Rico Royal namba 3 hukaribiana na Vandoren ya buluu namba 2.5, na ile Rico ya kawaida nayo iko upande huohuo wa ulaini. Basi wewe ulipotoka Rico 2 ukaingia Vandoren 3, ulidhani umepanda ngazi moja, kumbe umeruka moja na nusu kwa mpigo. Midomo haina budi kuchoka. Boksi lijalo chukua 2.5, na kama unapenda Vandoren, jaribu Java ya boksi la kijani au V16, ambazo kwa namba ileile huwa laini kidogo kuliko hizo za buluu.

Sasa kuhusu kuchagua kwa jicho. Tete hili kitaalamu huitwa Arundo donax, na mashamba yake yanayosifika kuliko yote yako Var, kusini mwa Ufaransa, kandokando ya Mediterania. Hukatwa majira ya baridi, likaanikwa juani, likalazwa ghalani mpaka likauke sawasawa, ndipo lichongwe. Ukiitazama ridi kwenye ganda lake, ile sehemu ya chini isiyochongwa, unataka rangi ya dhahabu iliyokolea, na vidoa vya kahawia si kasoro. Ukiona ukijani, tete lilichongwa kabla halijaiva. Iweke kabatini miezi kadhaa, usiipulize. Kisha igeuze uitazame kwa kitako, kama mtu anayetazama ubao kwa mwisho wake: tao la ganda liwe sawa kushoto na kulia, lisiwe limelalia upande mmoja. Mwisho iinue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona kivuli kizito katikati, nacho ndicho moyo wa ridi, kinachopungua kuelekea kwenye ncha kama umbo la ukucha. Kivuli hicho kikiwa kimekaa katikati na pande zake zinafanana, una ridi ya kufanyia kazi. Kikiwa kimepinda upande mmoja, jua kuna bega moja lililobakizwa unene.

Nitoke nje ya mada kidogo. Wazee wetu wa zumari hawakuwa na boksi wala namba. Walijikatia wenyewe ndimi za zumari katika majani makavu ya miti ya jamii ya mnazi, wakazifunga pamoja zigongane zenyewe, na kila mmoja alijua ulimi wake upi ni wa chakacha na upi umechoka. Sisi tunaonunua za kuchongwa tayari tumesahau kwamba kazi ya mwisho ya kuchonga bado ni ya mpulizaji.

Seremala_Kisauni

Mzee ameyasema ya kuchagua, nami sitayarudia. Mimi ni seremala kwa riziki na mpulizaji wa saksafoni ya tena (tenor) kwa mapenzi, na nikisoma malalamiko ya Alto naona matatizo ya mbao tu, kwa sababu ridi ni ubao mdogo.

Zile tatu zinazolia kama panya, nina karibu hakika kwamba migongo yake, yaani pande bapa zinazolala kwenye kinywa, imepinda. Ridi ina upande wa ganda, ambao ni mgumu na haunywi maji kwa urahisi, na upande wa ndani, ambao ni kama sifongo. Ukiilowesha, upande wa ndani hufura na ule wa ganda hubaki kama ulivyo. Ikikauka, hurudi, lakini hairudi pale pale. Siku mbili tatu za namna hiyo na mgongo uliotoka kiwandani ukiwa bapa kama kioo huwa na tumbo katikati. Sasa hilo tumbo linapokaa juu ya meza ya kinywa, kingo zinabaki zikielea, hewa inavuja pembeni, na ridi haijui ipige kwa mdundo upi. Ukishuka noti za chini, ambako hewa yote ya bomba inahitajika, ndipo inapopiga kelele.

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, ununue karatasi mbili za msasa wa maji, ule mweusi wanaoutumia mafundi wa kupaka magari rangi, moja ya 400 na moja ya 600. Kisha nenda kwa fundi wa vioo umwombe mabaki ya kioo kinene, upana wa kiganja na urefu wa shibiri. Mara nyingi hatakudai kitu, ila mwambie akusugulie kingo zisikukate. Usitumie meza wala kigae, maana macho yako yatakudanganya kwamba ni bapa.

Ilowesha ridi kwanza, kwa sababu kupinda kwake huonekana ikiwa na maji, si ikiwa kavu. Ilaze juu ya kioo kikavu, mgongo chini, uibonyeze kidogo kwa vidole viwili, uinue. Itazame alama ya maji iliyobaki. Ridi bapa huacha alama nzima yenye umbo la kitako chake. Ridi yenye tumbo huacha mstari mmoja katikati, kama njia ya konokono. Ridi iliyobonyea huacha mistari miwili pembeni na pakavu katikati. Ukishaijua hali yake, weka msasa wa 400 juu ya kioo, laza mgongo wa ridi, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye ganda, na uivute kwa kufuata nyuzi, mbele na nyuma, mara kumi tu. Ncha ibaki nje ya karatasi muda wote, usiiguse kabisa. Ncha ni nyembamba kama karatasi ya daftari na msasa utaimeza kabla hujatambua. Rudia kupima kwa maji. Alama ikiwa nzima, malizia mara kumi kwenye 600, kisha mara ishirini kwenye upande wa nyuma wa karatasi hiyohiyo, ambako hakuna mchanga. Huko kunaziba vinyweleo vya tete na kuufanya mgongo ung'ae, na ridi iliyozibwa hainywi maji ovyo siku zijazo.

Kuhakikisha, ifunge ridi kwenye kinywa peke yake, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, fyonza hewa yote kupitia mbele, kisha toa mdomo. Ridi iliyokaa vizuri hubaki imejigandamiza sekunde moja au mbili, halafu huachia kwa mlio mdogo, *tap*. Ikiachia papo hapo, bado inavuja. Ukiwa umeipitisha kwenye msasa na bado inavuja, basi tazama meza ya kinywa chenyewe, na ligacha unayofungia; nimewahi kupoteza wiki nzima nikiilaumu ridi kumbe skrubu ya chini imechoka.

Zile nne zinazotoa upepo, mbali na ugumu wa namba aliousema mzee, huenda bega moja ni zito kuliko jingine. Piga noti ya C# ya katikati, ile isiyofunikwa kidole chochote, kisha zungusha kinywa kidogo midomoni ili mdomo wa chini ubane upande wa kushoto pekee, usikie upande wa kulia unavyolia. Zungusha upande wa pili. Upande unaokataa kulia, au unaotoa upepo, ndio wenye nyama nyingi. Kunja kipande kidogo cha msasa wa 600 kwenye ncha ya kidole na upitishe mara mbili, nasema mara mbili, kwenye bega la upande huo, kati ya moyo na ukingo. Pima tena. Moyo usiguswe. Ukiupunguza moyo, umeua sauti ya ridi na hakuna wa kuirudisha.

Ile yenye mawimbi haina ugonjwa wowote. Ni kiu tu. Iache majini dakika tatu, uigandamize ncha juu ya kioo kwa kidole gumba, itanyooka.

Mwalimu_Ganjoni

Nakubaliana na ndugu Seremala juu ya mgongo, ila sikubaliani naye juu ya mabega, angalau kwa sasa. Nimefundisha vijana kwa muda mrefu, na kila anayepewa msasa wiki ya kwanza hunirudishia ridi iliyo laini kama karatasi, ambayo haina sauti wala haina marejeo. Ridi mpya hubadilika sana katika siku zake nne tano za mwanzo. Unayoisikia leo kuwa nzito kushoto, keshokutwa huenda ikawa sawa kwa sababu nyuzi zimetulia. Ukiipunguza leo, keshokutwa itakuwa nzito kulia, nawe utapunguza kulia, na kabla ya Ijumaa huna ridi.

Dada Alto, kosa lako kubwa naliona katika sentensi ya mwisho ya swali lako. Ridi mpya haipulizwi onyesho zima siku ya kwanza. Itie katika kikombe cha maji safi yenye uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu, isizidi hapo, kwa sababu ridi iliyoshiba maji huwa nzito na huharibika upesi. Tumia maji ya kunywa. Maji ya visima vyetu hapa kisiwani yana chumvi, na chumvi hubaki kwenye nyuzi maji yanapokauka. Siku ya kwanza puliza dakika tano, sauti ya wastani, noti za katikati tu. Ikaushe kwa kitambaa, ilaze. Siku ya pili dakika kumi, ya tatu robo saa, na sauti iongezeke taratibu pamoja na noti za juu na za chini. Mpaka siku ya tano utakuwa umeijua. Fanya hivyo kwa ridi nne kwa pamoja, ukiziandika 1 hadi 4 kwa penseli kwenye ganda pamoja na tarehe, na baada ya hapo uzipokeze, asiwepo mwenye kufanya kazi siku mbili mfululizo. Ridi inayopumzika hudumu, na mpulizaji mwenye nne zilizozoeleka hapati hofu moja ikipasuka katikati ya harusi.

Kuhusu ukungu, hewa yetu ina sehemu yake. Vitabu vingi vya ala hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao taabu yao ni ridi kukauka mno, ndiyo maana wanauza visanduku vya kutunza unyevu. Sisi hapa, hasa miezi ya masika, taabu yetu ni kwamba ridi haikauki kabisa. Kuiacha kwenye kinywa chini ya kifuniko ni kuipandia bustani. Ukimaliza kupuliza, itoe, isuuze kwa maji safi, ipanguse kwa kuivuta kuelekea kwenye ncha, usiipanguse kinyume, kisha ilaze kwenye kibebeo chenye mifereji ambamo hewa hupita. Ukikosa, kile kipande cha kioo cha Seremala na mpira mwepesi wa kubania vinatosha. Yenye madoa meusi itupe, hata kama inalia vizuri. Inaingia kinywani mwako. Ile iliyobadilika rangi kidogo tu unaweza kuilaza robo saa katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa maduka ya dawa, kisha uisuuze vizuri sana.

Nasema na hili ingawa litawaudhi wenzetu wa harusini. Kahawa chungu haina neno, lakini kashata na haluwa ni adui wa ridi. Sukari huganda kwenye vinyweleo vya tete na ncha ikawa nzito. Sukutua kwa maji kabla ya kushika ala, au ule baada ya kazi.

Mwisho, kama shughuli zako nyingi ni za nje, ufukweni, kwenye upepo unaokausha ridi upande mmoja wakati unamsubiri bwana harusi, fikiria kuwa na ridi moja ya plastiki katika begi, kama zile za Légère kutoka Kanada. Moja ni ghali kuliko kadhaa za tete, lakini haihitaji kuloweshwa, haioti ukungu, na hudumu miezi. Mimi sauti yake siipendi sana, huniwia nyembamba juu, lakini huwa naibeba.

Seremala_Kisauni

Mwalimu, hapo kwenye mabega nimekubali nusu. Siku ya kwanza hapana, nimekosea kutosema hivyo. Lakini baada ya hiyo siku ya tano, ridi ambayo bado imeegemea upande mmoja haitajinyoosha kwa kuombewa. Hapo msasa una haki yake.

Na wewe Alto, kabla ya msasa wowote, tazama unavyoiweka. Ncha ya ridi na ncha ya kinywa zilingane. Ukiitazama kwa mbele, ubonyeze ridi kidogo, uone uzi mwembamba tu wa kinywa cheusi juu yake. Ukiipandisha unene wa unywele mmoja, itakuwa ngumu zaidi. Ukiishusha, itakuwa laini. Ridi yako namba 3 inaweza kupata nafuu ya robo namba kwa kushushwa tu, bila kukatwa chochote.

Alto_wa_Tudor

Wazee wangu na mwalimu, nimerudi baada ya wiki mbili nikiwa na majibu.

Mzee alibahatisha sawasawa: zile za zamani zilikuwa Rico za rangi ya chungwa. Kioo nilipewa bure, na fundi wa vioo akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni cha kufanyia muziki. Zile tatu za panya zote ziliacha ule mstari mmoja wa konokono katikati, na nilipoona hivyo nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kosa liko vidoleni mwangu. Ya kwanza niliisugua kwa hofu, mara tatu tatu, ikanichukua nusu saa. Ya tatu nilimaliza kwa dakika tano. Zote tatu sasa zinashuka hadi noti ya chini kabisa bila kelele, na zile mbili kati yake zinatoa huo mlio wa *tap* vizuri kabisa; moja inaachia mapema kidogo, lakini inalia.

Ile ya mawimbi ilinyooka kama mlivyosema. Zile nne za upepo nimezipitisha siku tano za mwalimu. Moja ilifunguka yenyewe siku ya nne bila kuguswa, kwa hiyo mwalimu ameshinda hapo. Nyingine ilikuwa nzito upande wa kulia hadi siku ya sita, nikaipitishia msasa mara mbili, nikanyamaza, nikapima, nikapitisha mara moja tena, ikakaa, kwa hiyo Seremala naye ameshinda. Mbili zimebaki ngumu hata nikizishusha kwenye kinywa. Nimempelekea moja yule mwenzetu aliyenishauri, kwa heshima zote, naye amenirudishia siku ya pili akisema ina kasoro.

Swali langu la mwisho: mwisho wa mwezi tunapanda treni ya Madaraka Express kwenda kupiga harusi Nairobi. Mara ya mwisho nilipokwenda, ridi iliyokuwa nzuri hapa ilinigeukia kule kama haijawahi kuniona.

Mzee_wa_Tena

Unatoka usawa wa bahari unakwenda zaidi ya mita 1,600 juu, kwenye hewa nyepesi na kavu. Tete litapoteza maji na mgongo utajikunja upya, na hewa ile nyepesi huifanya ridi ileile ikupe ukaidi zaidi. Beba nne zako, pamoja na mbili za 2.5 utakazokuwa umezizoesha hapa, maana kule mara nyingi ndizo zitakazofanya kazi. Ukifika usizipulize siku hiyohiyo. Ziloweshe, uziangalie kwenye kioo, uzipige dakika kumi, uzilaze. Zisugue asubuhi yake ikibidi, si usiku wa safari ukiwa umechoka. Kati ya nyimbo usiiache ridi wazi kwenye ala. Ifunike kwa kifuniko cha kinywa, jambo ambalo hapa kwetu mwalimu amekukataza, na kule utalihitaji kwa dakika hizo chache.

Seremala_Kisauni

Na hicho kioo kifunge kwenye kanga, kisivunjike njiani. Kikivunjika, karibu na soko lolote la Nairobi utampata fundi wa vioo, naye atakuuliza swali lile lile.